Kranki iliyokula beringi ya pini namba tatu mara mbili

Kisa hiki ni cha injini ya dizeli, silinda nne, imefungwa kwenye gari la mizigo. Kranki yake, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ina meini tano (shingo zinazokaa kwenye bloku) na pini nne (shingo zinazoshikwa na konrodi, mkono unaotoka kwenye pistoni). Kabla injini haijafika kwetu ilishafunguliwa kwa ajili ya mlio wa kugonga, sampu (bakuli la oili la chini) ikashushwa, beringi za konrodi, vile vibati vya nusu duara, zikabadilishwa injini ikiwa palepale kwenye gari, standadi (saizi ya kiwandani) ikatoka standadi ikaingia, mlio ukaisha na watu wakaendelea na kazi. Haukukaa sana ukarudi, tena safari hii ukaja na taa ya oili juu yake. Ombi la mwenye gari lilikuwa fupi tu: toeni kranki, chongeni saizi ya kwanza (0.25 mm chini ya standadi), fungeni. Yani jibu alishakuwa nalo kabla hata nati moja haijalegezwa.

Sasa kuchonga kranki kwenyewe si kazi ngumu kama watu wanavyoiogopa, ukiwa na mashine nzuri na mtu anayejua kuikalia. Kazi ni kujua nani aliyeila, maana kranki haijili yenyewe, na hii ilikula beringi moja tu kati ya nne, mara mbili mfululizo, namba ileile. Hapo ndo swali lilipo na ndo maana naandika kirefu.

Tulianza na presha. Taa ya oili haikwambii kitu zaidi ya "kuna tatizo", kwa hiyo ikatolewa swichi yake ikafungwa geji ya ukweli kwenye tundu lilelile. Asubuhi injini ikiwa baridi geji ikapanda mpaka baa 6.5, ambayo kwa injini ya aina hii ni nyingi kupita kiasi, valvu ya kupunguza presha ilitakiwa iwe imeshafunguka kwenye 4.5 hivi. Ikishapata moto vizuri, inaunguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta, ikashuka mpaka 0.3. Kwa mizunguko 2,000 ikafika 1.5 kwa shida. Baridi juu mno, moto chini mno. Weka hiyo akilini tutaikuta mbele.

Mlio nao ulikuwa na tabia yake. Meini ikigonga mara nyingi ni mlio mzito wa chini, unasikika injini ikibebeshwa mzigo. Konrodi inagonga kwa sauti kavu zaidi na unaipata vizuri ukikanyaga halafu ukaachia ghafla. Huu ulikuwa wa pili. Tukalegeza nati ya bomba la nozeli (inayopulizia dizeli kwenye silinda) moja moja injini ikiunguruma, ukilegeza silinda ile inakosa moto, mzigo kwenye konrodi yake unapungua na mlio unabadilika. Moja hakuna, mbili hakuna, tatu ukapungua karibu wote. (Hii ni kwa injini za pampu ya zamani tu jamani, kwenye komoni reli, zile dizeli za kisasa, usithubutu, mle presha inapita baa 1,000 na dizeli inayotoka hapo inapenya ngozi.)

Stiki ya oili ikatoa jambo la tatu. Oili ilikuwa juu ya alama ya mwisho, na mwenye gari akafurahi akasema unaona, injini yangu haili oili. Injini ya mileji ile kutokula oili kabisa halafu oili ikaongezeka, hiyo si habari njema hata kidogo, kuna kitu kinaingia. Maji? Oili haikuwa na ule utando wa maziwa. Ukinusa, dizeli. Tone moja kwenye karatasi nyeupe likaacha doa jeusi katikati na duara pana jepesi linalosambaa nje, tofauti kabisa na tone la oili mpya lililowekwa pembeni yake. Oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi, na ikiwa nyepesi ule utando unaobeba kranki ndani ya beringi unakuwa mwembamba mpaka chuma kinaanza kugusana na chuma. Kwa hiyo hata kabla ya kufungua tulikuwa na mshtakiwa mmoja. Lakini dizeli kwenye oili inaumiza beringi zote sawasawa, haichagui namba tatu. Kwa hiyo bado.

Injini ikatoka, ikawekwa kwenye stendi, ikageuzwa. Kitu cha kwanza kilichochekesha ni valvu ya presha ya oili: nyuma ya springi yake kuna mtu aliweka washa, kipande cha washa cha kawaida kabisa, ili springi ikaze zaidi na presha ipande. Ndo ile 6.5 ya asubuhi. Watu wanapenda sana huu ujanja na haufanyi kazi, na sababu yake ni rahisi ukiifikiria kidogo: valvu ile kazi yake ni kumwaga oili presha ikizidi. Injini ikiwa ya moto na presha imeshuka mpaka 0.3, valvu imeshajifunga zamani, hakuna inachomwaga, sasa ukiikaza springi unakaza mlango ambao tayari umefungwa. Unachopata ni presha kubwa isiyo na maana wakati wa baridi, pampu na filta na sili zinateseka, na taa inaendelea kuwaka palepale ilipokuwa inawaka.

Beringi zote zikatolewa zikapangwa mezani kwa mpangilio wake, juu na chini, namba kwa namba, bila kufutwa. Naomba mtu yeyote anayefungua injini asifute beringi kwanza wala asizitupe kwenye ndoo moja, maana zile ndizo ripoti yenyewe. Kwa konrodi nusu ya juu ndiyo inayobeba kishindo cha moto, kwa meini ni nusu ya chini. Kwenye pini ya kwanza, ya pili na ya nne nusu za juu zilikuwa zimeng'aa katikati, ule utando laini wa juu umelika lakini umelika sawa, hakuna mkwaruzo mkubwa. Hiyo ni sura ya oili nyepesi. Namba tatu ilikuwa kitu kingine kabisa: utando wa juu umeondoka wote, rangi ya shaba imetokea karibu upana mzima, pembeni metali imeyeyuka ikasukumwa kuelekea ukingoni, na ukiigeuza mgongoni, kule ambako chuma kinakaa kwenye konrodi, kuna mabaka yanayong'aa. Mgongo wa beringi unatakiwa uwe umekamatwa haupumui. Ukiona unang'aa kwa mabaka ujue ilikuwa inachezacheza ndani ya konrodi, na ikishacheza haipitishi joto kwenda kwenye konrodi vizuri, inapika oili yake yenyewe.

Na hapa niseme kitu kuhusu kile kijino cha beringi, maana wengi wanaamini ndicho kinachoizuia isizunguke. Sicho. Kijino ni cha kukuonyesha pa kuiweka tu. Kinachoikamata ni ule urefu wa ziada, kila nusu ya beringi inatengenezwa ikiwa ndefu kidogo kuliko nusu duara, ukikaza kofia (nusu ya chini ya mdomo wa konrodi) zile ncha mbili zinasukumana na beringi inabanwa ukutani. Konrodi ikishatanuka, ule mbano unapotea, na kijino peke yake hakitoshi kupigana na kranki inayozunguka mara 2,000 kwa dakika.

Tukaja kwenye mikrometa. Pini za injini hii standadi yake ni 59.96 mpaka 59.98 mm, meini 74.98 mpaka 75.00. Kila pini inapimwa sehemu mbili, karibu na kila ukingo, na kila sehemu inapimwa pande mbili zinazokatana, kwa hiyo vipimo vinne kwa pini moja, na vyote vinaandikwa. Pini ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa kati ya 59.94 na 59.96, uduara umepotea 0.015 kwa ile mbaya zaidi. Pini ya tatu: upande mmoja 59.96, upande unaopigwa na moto 59.89. Tofauti 0.07. Vitabu vingi vya injini za ukubwa huu vinakukataza ukishapita 0.03 au 0.05 hivi. Juu ya hapo kulikuwa na mikwaruzo inayokamata kucha, ile mirefu inayozunguka pini, na mmoja kati yao ulikuwa na kina kama 0.05.

Sasa hapo unaelewa zile beringi standadi za mara ya kwanza ziliwekwa kwenye nini. Beringi mpya ni duara, pini ni yai. Upande mmoja nafasi iko sawa, upande mwingine nafasi ni kubwa kiasi kwamba oili inatoka pembeni kabla haijajenga utando. Mlio uliondoka siku za mwanzo kwa sababu beringi ilikuwa mpya na oili ilikuwa mpya na nzito, oili ilipoanza kuchanganyika na dizeli tena, kwisha.

Hoja ya saizi ya kwanza. Kila mtu pale alitaka 0.25, na mimi pia ningeitaka, ukichonga kidogo unaiachia kranki maisha zaidi. Hesabu ya haraka inasema inatosha: 59.98 toa 0.25 ni 59.73, pini iliyolika iko 59.89, kwa hiyo kuna nyama ya kutosha. Hesabu hiyo ni ya kipenyo na ndo inayowapoteza watu. Pini hailiki kuzunguka pande zote, inalika upande mmoja, ule unaopokea kishindo. Ile 0.09 iliyopotea karibu yote imetoka upande mmoja. Ongeza mkwaruzo wa 0.05 ulioko upande huohuo, unapata 0.14 ambayo jiwe la mashine ya kuchonga linatakiwa lishuke kwa upande ule ili kupata chuma kisafi. Saizi ya 0.25 inatoa nusu yake kila upande, yani 0.125. Umepungukiwa 0.015.

Mtu mwenye mashine anaweza kukwambia hamna shida nitaisogeza kidogo itasafika. Ndiyo itasafika. Atasogeza kitovu cha pini kuelekea ndani na silinda namba tatu itakuwa na mwendo mfupi kuliko wenzake, na akisogeza kwa pembeni atakuwa amebadilisha hata wakati wa pistoni kufika juu. Ni kidogo, hutaiona kwa macho, lakini kranki inatakiwa pini zake zote ziwe umbali mmoja kutoka katikati na kwenye pembe zake, na ukianza kukubali vidogo hivi huna tena sababu ya kupima. Uamuzi ukawa 0.50, saizi ya pili, kwa pini zote nne. Ungeweza kuchonga ile moja peke yake 0.50 ukaacha zingine, watu wanafanya na injini inatembea, ila beringi zinakuja kwa seti na mtu atakayefungua siku nyingine hatajua, ataagiza seti moja ataumia.

Kabla ya kuamua 0.50 ilibidi tujue ugumu wa chuma, maana swali linalofuata ni je tukichonga 0.25 kila upande tutakuwa bado kwenye chuma kigumu? Kuna kranki zinazogumishwa kwa umeme, zile za indaksheni, ugumu wake unaingia milimita mbili na zaidi, hizo unachonga bila hofu. Kuna zile za nitraidi, ugumu wake ni ngozi nyembamba, sehemu ngumu kabisa ya juu inaisha haraka sana ukishuka, ukichonga 0.50 umeivua nguo, lazima irudishwe kwenye nitraidi tena la sivyo beringi itakuwa salama na kranki ndiyo itakayolika. Hii yetu ilipimwa kwa kipima ugumu cha mkononi, pini zikasoma juu ya 50 kwa kipimo cha Rockwell C na kwenye mabega ya kranki, ambako hakugumishwi, ikasoma kwenye 20 na kitu. Na ukiangalia karibu na ukingo wa jonali (shingo ya pini au meini) kuna ule mpaka wa rangi hafifu unaoonyesha ugumu ulipoishia. Indaksheni. Tukapumua.

Pini ya tatu ilikuwa na rangi ya bluu kidogo pembeni, ishara kwamba ilipata moto mkali, kwa hiyo ikapimwa ugumu sehemu nyingi zaidi kuliko zingine, na haikuwa imelainika kiasi cha kutisha. Halafu kipimo cha nyufa. Kranki inapitishiwa sumaku, inamwagiwa maji yenye unga wa chuma unaong'aa, inaangaliwa gizani kwa taa ya zambarau, pale penye ufa unga unajikusanya unachora mstari. Pembeni mwa tundu la oili la pini ya tatu kukatokea vistari vifupi vinne vitano, vimelala kufuata urefu wa kranki. Hapa ndo unatakiwa kutulia. Ufa unaoanzia kwenye redias, ile kona ya mviringo pini inapokutana na bega, au ufa unaotoka kwenye tundu la oili kwa mshazari wa digrii 45, huo ni wa uchovu wa chuma, kranki hiyo ni ya kutupa hata kama inauma. Vistari vifupi vya juu juu vilivyolala kwa urefu mara nyingi ni vya joto la kusuguana, na vinaweza kuwa vimeishia kwenye ngozi. Mara nyingi, siyo mara zote. Tukakubaliana hivi: ichongwe pini ya tatu kwanza mpaka 0.50, ipimwe tena, vikibaki hata kimoja kranki inatafutwa nyingine na pini zilizobaki hazigusiwi.

Kupinda kulipimwa kwa kuilaza kwenye vibloku viwili vya V, meini ya kwanza na ya tano, dayo geji kwenye meini ya katikati, izungushwe taratibu. Sindano ikatembea 0.04 jumla, maana yake kupinda ni nusu ya hapo, 0.02. Hakuna kazi hapo.

Sasa mshtakiwa wa pili, aliyeichagua namba tatu. Ndani ya kranki kuna njia za oili zilizotobolewa kutoka kwenye meini kwenda kwenye pini, na ncha za nje za hizo njia zimezibwa kwa vizibo. Kranki nyingi zinapooshwa watu wanapuliza upepo kwenye tundu, upepo unatoka upande wa pili, wanasema iko safi. Tulipuliza na sisi na upepo ulitoka kwenye zote nne. Kisha tukatoa vizibo. Vitatu nyuma yake kulikuwa na tope kidogo la kawaida. Cha pini ya tatu kilikuwa kigumu kutoka, na kilipotoka nyuma yake kulikuwa na uchafu mweusi umeshindiliwa kama lami, umejaza njia mpaka imebaki upenyo wa kutosha waya mwembamba tu. Upepo unapita hapo vizuri tu, ndo maana unadanganya. Oili inapita kidogo, na kwa kuwa kranki ikizunguka inatupa uchafu kuelekea nje, kila oili inayopita inaongeza safu. Tukaukwangua kwa brashi ndefu ya chuma, na ndani yake kulikuwa na vipande vinavyometa vya rangi ya shaba. Ile beringi ya kwanza kabisa iliyokufa ilizikwa mle, na kila injini ilipowashwa ilikuwa inapeleka vumbi lake kwenye beringi mpya.

Kwa hiyo namba tatu ilikuwa na mambo matatu kwa pamoja, oili nyepesi kama wenzake, oili kidogo kuliko wenzake, na konrodi iliyotanuka, ambayo nitaifikia. Ukichonga kranki bila kutoa vizibo vile ungeweka beringi ya 0.50 mpya kabisa mbele ya bomba la uchafu.

Meini zilileta ubishi. Zilikuwa 74.97 kwa mbaya zaidi, uduara umepotea 0.01, mikwaruzo midogo isiyokamata kucha. Mwenye gari akasema si mko kwenye mashine, chongeni na meini zote ziwe mpya. Mimi sikukubali na bado sikubali. Jonali iliyo ndani ya kipimo ukiichonga huipati mpya, unaipunguzia maisha na unaanzisha hatari ya kuharibu kitu kilichokuwa kizima, mhimili wa meini tano zikiwa mstari mmoja. Tulikaza kofia za meini kwenye bloku na beringi mpya standadi ndani, tukapima kwa boa geji (kipimo cha upana wa tundu), 75.05. Nafasi ya 0.08 kwa ile iliyolika zaidi, kikomo ni 0.10. Zinapigwa polishi tu. Nakubali ni upande wa juu wa kipimo, lakini iko ndani.

Kwenye mashine nitapita haraka isipokuwa mambo mawili. La kwanza ni redias. Jiwe linapaswa kuchongwa kona zake kwa redias ileile ya kiwandani, maana nguvu zote za kupinda zinakusanyika pale, na redias iliyopunguzwa kuwa kona kali ndiyo chanzo cha kranki kukatika vipande viwili injini ikiwa kazini, wakati huo kila mtu anamlaumu dereva. Ikizidi kuwa kubwa nayo ni shida, beringi inakaa juu ya kona pembeni na inalika ukingo. La pili ni joto. Jiwe butu, maji machache na haraka ya kumaliza vinachoma uso wa pini, unapata nyufa ndogo mpya ulizozitengeneza mwenyewe. Pini ilichongwa na stendi ya kuishikilia katikati ili isipinde kwa msukumo wa jiwe, na mwishoni jiwe likaachwa lizunguke bila kuongezwa mpaka cheche zikaisha.

Pini ya tatu ikafika 59.475, ikarudishwa gizani. Vistari vimekwisha, vyote. Hapo ndo zingine zikachongwa, zote zikatua kati ya 59.47 na 59.48. Baada ya hapo polishi, na polishi inapigwa kuelekea upande ambao kranki itazunguka kwenye injini, kwa sababu jiwe linaacha vinyoya vidogo vya chuma vimelala na unataka vilale vikikimbia beringi, visiwe vinaikwangua kama msasa. Mwisho kabisa kranki inaondolewa sumaku. Hii inasahaulika sana, kranki iliyobaki na sumaku inakuwa mtego wa chembe za chuma maisha yake yote.

Iliporudi tulipima upya kila kitu, hata kama karatasi ilikuja na vipimo. Vipimo vilikuwa sawa, geji ya redias ikakaa vizuri, lakini midomo ya matundu ya oili ilibaki mikali, unapitisha kidole unasikia inakwangua. Jiwe limeshusha uso, ile chamfa (ukingo uliolazwa) ya zamani imekwisha. Mdomo mkali unakata utando wa oili na unakwangua beringi kila mzunguko. Ikalainishwa kwa kijiwe kidogo cha mkono, ikapigwa polishi tena, njia zote zikasukuliwa na brashi na maji ya moto ya sabuni kisha upepo, na vizibo vipya vikaingia.

Konrodi namba tatu sasa. Kofia yake ikakazwa bila beringi kwa toki (nguvu ya kukaza) kamili, boa geji ikaingia, wima ilikuwa kubwa kuliko ubavu kwa 0.05. Imekuwa yai, imenyooka kuelekea juu kwa joto na kishindo. Ndo maana migongo ya beringi ilikuwa inang'aa. Ikapunguzwa uso wa kofia na wa konrodi kidogo sana, ikakazwa, ikarudishwa duara kwenye mashine ya honi mpaka kipimo chake, bolti zake na za wenzake zote zikawa mpya kwa kuwa ni zile zinazonyooshwa zikikazwa. Mtu angeweza kuchonga kranki vizuri kabisa, akasafisha njia zote, na hii konrodi peke yake ingeua beringi tena.

Kufunga kulienda bila mikasa. Migongo ya beringi mikavu, nyuso zina oili, kila kofia ikikazwa kranki inazungushwa kwa mkono ujue kama kuna inayobana. Konrodi zilipimwa kwa boa geji, beringi za 0.50 ndani, 59.54, kwa hiyo nafasi ni 0.06 mpaka 0.07. Tukaweka na plastigeji (uzi wa plastiki unaobanwa kuonyesha nafasi) kwenye ya tatu kama ushahidi wa pili, ikakubali. Thrasti washa mpya, mchezo wa kranki kwenda mbele na nyuma 0.18, iko katikati ya kipimo cha 0.10 mpaka 0.30. Ile washa ya kwenye valvu ya presha ikatolewa, mwenye gari akauliza kama tungeiacha tu ingedhuru nini.

Dizeli ilikuwa inatoka wapi? Nozeli zote nne zilipimwa zikawa hazidondoshi. Pampu inaendeshwa na gia za taimingi na shafti yake inapita kwenye sili, sili ikichoka dizeli inapita kimyakimya inaingia kwenye nyumba ya gia na kutoka hapo inateremka kwenye sampu, nje huoni hata tone. Tulipoitoa pampu nyuma ya gia kulikuwa kumeoshwa kusafi kabisa wakati ukuta wa pembeni yake una masizi ya oili. Pampu ikaenda kubadilishiwa sili, ikarudi.

Kabla ya kuwasha, filta ikajazwa oili, dizeli ikakatwa, stata ikapigwa kwa vipande mpaka geji ikasogea. Ikawaka. Baridi 4.4, ikishapata moto inaunguruma yenyewe 1.9, kwa mizunguko 2,000 ikakaa 3.8. Oili ya mwanzo ilimwagwa mapema baada ya injini kufanya kazi nyepesi, filta ikakatwa kwa msumeno ikafunguliwa karatasi zake moja moja, kulikuwa na vumbi laini la kijivu tu, shaba hakuna. Stiki haijapanda. Kwenye bega la mbele la kranki pamegongwa 0.50 kwa pini na STD kwa meini, na bado ina nafasi ya 0.75 kama beringi za saizi hiyo zinapatikana kwa injini husika.